Nyumba Moja, Mita Moja, Kaya Sita

Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia na wale walioomba kuyasoma kwa utulivu.



Jumapili moja asubuhi shangazi yangu aliniita nyumbani kwake Temeke. Simu yake ilikuwa fupi: "Njoo mwanangu, wapangaji wangu watauana." Nilipofika nilikuta kikao ukumbini. Ni nyumba yetu ya kawaida ya mjini, ile ya ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Chumba cha mbele kulia anakaa shangazi mwenyewe na wajukuu wawili. Vyumba vitano vilivyobaki vina wapangaji. Mita ya LUKU ni moja, imebandikwa ukutani karibu na mlango wa mbele.

Shtaka lilikuwa hili. Umeme unakwisha haraka mno. Kila chumba kinachanga sawa, na mchango umefika karibu shilingi 9,500 kwa mwezi. Mshtakiwa alikuwa mama mmoja wa chumba cha tatu, mwenye watoto watatu, ambaye ana friji. Kwa friji hiyo anagandisha barafu za ubuyu na kupoza juisi ya ukwaju, na watoto wake wanasoma kwa fedha hizo. Wenzake walikuwa wamekata shauri: ama alipe mara tatu, ama friji itoke.

Mama yule hakupiga kelele. Alisema tu, "Friji ikitoka, na sisi tumetoka. Kodi nitaipata wapi?"

Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, shangazi aliamini kwamba lazima ninajua mambo ya umeme. Si kweli, lakini hesabu za shule ya msingi bado ninazikumbuka. Naomba leo tuzifanye pamoja, maana ugomvi wa nyumba ile unatufundisha jambo ambalo wengi hatulitazami: kwamba umeme anaotumia mtu nyumbani hautokani na mkoba wake peke yake. Unatokana na kaya yake ilivyo. Wako wangapi? Wana umri gani? Nani anashinda nyumbani? Fedha inaingia kwa siku au kwa mwezi? Na nyumba ni ya nani?

Kwanza tuelewane juu ya uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kila chombo kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Chukua wati, zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000. Basi, umepata uniti. Taa ya kisasa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila jioni hula chini ya uniti moja na nusu kwa mwezi mzima. Ile balbu ya zamani ya wati 60, kwa saa hizo hizo, ingekula uniti 9. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi usiku hula zaidi ya nusu uniti. Kumbe chombo kinachozungusha au kuangaza hakili sana. Mlaji mkubwa ni kile kinachotia joto: pasi, birika, hita, jiko. Birika la umeme huwa na wati 2,000 hivi, na uniti moja ya umeme huchemsha kama lita kumi za maji.

Pale ukumbini nilimwomba kila mpangaji azime kila kitu chumbani kwake. Nikasimama mbele ya mita. Mita hizi zina kitaa chekundu kinachopepesa kila umeme unapopita, na usoni pake imeandikwa ni mipepeso mingapi inayotimiza uniti moja. Hii ya shangazi ilikuwa 1,000. Nikamwomba mama wa barafu awashe friji peke yake. Ilipoanza kunguruma, kitaa kilipepesa mara mbili kwa dakika. Hiyo ni sawa na wati 120. Lakini friji hainguruhi siku nzima. Hupumzika na kuanza tena. Tukakadiria kwamba hunguruma saa kumi kwa siku. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi.

"Mmeona?" akasema mmoja wa wanandoa wa chumba cha nne. "Thelathini na sita!"

Nikasema tuendelee. Babu mmoja mstaafu, anayekaa peke yake chumba cha mwisho, akawasha taa yake. Tukasubiri. Dakika sita zikapita bila kitaa kupepesa hata mara moja. Watoto wakaanza kucheka. Babu huyu ana taa moja, redio na simu ya kuchaji. Kwa mwezi hazidi uniti 4.

Ikafika zamu ya kijana wa chumba cha pili, ambaye anaondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Ana taa, simu na spika ndogo. Kitaa kikatulia. Nikamwomba awashe kila kitu anachotumia kwa kawaida, pamoja na vya kupikia, kama vipo. Akatazama kandambili zake. Shangazi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi harufu ya vitunguu naisikia kila usiku, na moshi siuoni. Washa tu."

Alikuwa na jiko dogo la koili chini ya kitanda. Lilipowaka, kitaa kilipepesa karibu mara 17 kwa dakika. Wati 1,000. Anapika saa moja na nusu kwa siku, chai ya alfajiri na chakula cha usiku. Hiyo ni uniti 45 kwa mwezi. Jiko lile, ambalo hakuna aliyelilalamikia, lilikuwa linakula kuliko friji iliyotaka kuvunja nyumba. Friji iko wazi, inanguruma, na wateja wanagonga mlango kuulizia barafu. Jiko liko chini ya kitanda.

Msikilizaji, usimhukumu kijana haraka. Hebu jiweke mahali pake. Mtu anaishi peke yake, anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Mkaa unataka mtu wa kuupepea na kuusubiri. Ni nani atamwashia? Katika nyumba yenye mama, shangazi au dada wa kazi, jiko la mkaa lina mlinzi, na sufuria ya maharage inaweza kukaa juu yake tangu asubuhi. Kwa kapera, mlinzi huyo hayupo. Upweke wake ndio uliomsukuma kwenye koili, zaidi ya kipato chake.

Wanandoa wa chumba cha nne wote wanafanya kazi. Wao wanapikia gesi, kwa sababu hiyo hiyo ya muda, ila wana mishahara ya mwisho wa mwezi. Na hapa ndipo tunapoona kwamba si kiasi cha fedha tu kinachoamua, bali pia inaingiaje. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Kwa hesabu ya joto linalofika kwenye sufuria, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa katika jiko la kawaida. Mama wa barafu anajua hayo vizuri kabisa. Mtungi anao, uko kona ya chumba, na huutumia kwa chai ya haraka ya watoto. Lakini fedha yake inaingia shilingi mia mia. Fedha ya namna hiyo inanunua mkaa wa kopo leo, na wa kopo kesho. Anayenunua kwa kopo humlipa muuzaji zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Umaskini una gharama zake.

Wataalamu zamani walidhani familia hupanda ngazi: kuni, kisha mkaa, kisha mafuta ya taa, kisha gesi, mwisho umeme, na kwamba akipanda ngazi moja huiacha ile ya chini. Siku hizi wamekiri kwamba sivyo tunavyoishi. Familia nyingi huchanganya. Katika nyumba ya shangazi nilihesabu mkaa, gesi na umeme, na katika vyumba viwili vyote vitatu viko pamoja. Kila kimoja kina kazi yake: mkaa wa maharage na makande, gesi ya chai, umeme wa pasi na mwanga.

Tuje sasa kwenye vyombo. Ni nani ana nini, na kwa nini? Shangazi ana pasi ya umeme kwa sababu ana wajukuu wawili wa shule, na sare ya shule haisubiri. Wanachuo wawili wa chumba cha tano hawana pasi, huazima. Lakini wana kompyuta na feni, maana wanakesha wakisoma. Babu hana televisheni, na si kwa kukosa fedha; anasema macho yamechoka na redio inamtosha, jambo lililonifurahisha kikazi. Na friji iko kwa yule ambaye, ukipanga vyumba kwa kipato, huenda akawa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Kwa wengine friji ni ya kutunza mboga. Kwake yeye ni duka. Ukimuuliza mpita njia ni nani katika nyumba hii ana friji, atajibu mwenye fedha. Atakosea.

Idadi ya watu nayo ina hesabu yake. Taa inayomwangazia mtu mmoja inaweza kuwaangazia wanne kwa umeme ule ule. Friji ya watu wawili na ya watu sita hazitofautiani sana kwa ulaji. Kwa hiyo kaya kubwa hutumia umeme mwingi kwa jumla, lakini kidogo kwa kila kichwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, pungufu kuliko sensa ya 2012. Kaya zinazidi kuwa ndogo, makapera na wanandoa wachanga wanajitenga mapema. Maana yake ni kwamba hata kama idadi ya watu isingeongezeka, taa, televisheni na majiko yangeongezeka.

Na nyumba yenyewe inaamuru. Vyumba viwili vya uani kwa shangazi havina dari. Juu ni bati tupu. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam linapokuwa kali, feni huko haizimwi. Mpangaji anaweza kuweka dari? Anaweza, lakini akihama ataiacha. Mwenye nyumba anaweza, lakini si yeye anayelipia feni hiyo. Kwa hiyo dari haiwekwi. Huko kwa wenye nafasi mambo ni yale yale kwa sura nyingine: tunajenga madirisha mapana ya vioo yanayotazama jua la jioni, kisha tunanunua kiyoyozi kupambana na dirisha letu wenyewe. Kiyoyozi kidogo kina wati 800 au 900. Hizo ni feni kumi na tatu au zaidi.

Sasa nirudi kwenye kikao, maana hatukumaliza. Tulijumlisha vyumba vyote. Shangazi na wajukuu, uniti 20. Kijana, 45 za jiko na 5 za mengine. Mama wa barafu, 36 za friji na 10 za mengine. Wanandoa, 22. Wanachuo, 18. Babu, 4. Jumla, uniti 160.

Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa kundi la kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika kama 356. Ndiyo maana shilingi 1,000 ilizoeleka kuleta uniti 2.8. Uniti 160 ni karibu shilingi 57,000. Gawanya kwa sita, ni hizo 9,500. Babu wa taa moja analipa 9,500 kwa uniti 4. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,300 kwa uniti moja! Hakuna kiwanda nchini kinachotozwa hivyo. Na wala hakuwa amelalamika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza wengine wakimsema mama wa barafu.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Viwango vile vile viliweka kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wenye wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo ni kama 122. Kusudi ni jema: mnyonge asaidiwe. Tazameni tena orodha yetu. Hakuna chumba hata kimoja kinachofika uniti 75. Hata kijana na koili yake, 50 tu. Kaya zote sita ni watumiaji wadogo. Lakini mita yao ni moja, na mita hiyo inasoma 160. Kwa macho ya mita, pale anakaa mtu mmoja mkubwa.

Sensa huhesabu kaya kwa chungu: wanaopika na kula pamoja ni kaya moja. Umeme huhesabu mteja kwa mita. Vyungu sita, mita moja. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake na kupangwa kundi la watumiaji wadogo, uniti zile zile 160 zingegharimu chini ya shilingi 20,000 badala ya 57,000. Babu angelipa chini ya 500. Wakati huo huo, mtu mwenye nyumba nzuri ya peke yake, ambaye nusu ya mwezi yuko safarini, anaweza kabisa kubaki chini ya 75 na kuufaidi unafuu uliokusudiwa kwa mama wa barafu.

Nilipoyasema hayo ukumbi ulikuwa kimya. Kisha shangazi akauliza swali la mwenye nyumba: "Na hizo mita sita nani ataleta?" Ni swali la haki. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini ilipandishwa mwaka 2022 hadi zaidi ya shilingi 320,000, hata kama hakuna nguzo inayohitajika. Halafu nyaya za nyumba nazo zitenganishwe. Wapo wanaofunga mita ndogo za ndani, zinazohesabu kila chumba. Hizo ni nafuu na zinamaliza ugomvi wa nani alipe nini, lakini hazibadilishi bei, kwa kuwa mita kubwa ya nje ni ile ile moja.

Wasikilizaji, nchi yetu imetoka mbali. Walioishi mijini mwaka 1992 na 2006 wanaukumbuka mgawo wa umeme, tulivyokuwa tunapanga maisha kwa ratiba ya giza. Leo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Ni lengo zuri, na mapafu ya mama zetu yanalihitaji. Yapo majiko ya presha ya umeme yanayoivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa kuwa hujizima yenyewe joto likitosha.

Lakini ukienda kumhubiria mama wa barafu juu ya jiko hilo, atakusikiliza, kisha atakuuliza maswali matatu. Mwenye nyumba atakubali? Wenzangu watanigombeza tena? Na uniti nitainunua kwa bei ya nani? Mama huyu elimu ya nishati anayo, na mikutano ya hadhara haitampa majibu hayo. Kinachomzuia ni mita ya ukumbini na mkataba wa kupanga. Anayetaka kubadilisha jiko lake aanze hapo.

Mtapenda kujua kikao kiliishaje. Friji ilibaki. Walikubaliana kuacha kugawa sawa: babu 2,000, mama wa barafu na kijana 15,000 kila mmoja, wengine 8,000 au 9,000. Kijana alikubali, ila aliomba jiko lake litambuliwe. Shangazi akakataa; anasema nyaya zake ni za zamani na anaogopa moto. Hofu hiyo siwezi kuibeza. Kwa hiyo kijana sasa analipia jiko ambalo rasmi halipo. Shangazi naye ameanza kuweka akiba ya mita ya pili, moja tu kwanza, ya vyumba vya uani.

Babu alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia, "Mzee wangu, miaka yote hiyo ulikuwa unawalipia wengine." Akacheka. "Nilijua," akasema. "Lakini watoto wa yule mama wananiletea maji ya kuoga kila asubuhi. Hilo nalo ulipigie hesabu."

Sikuwa na kibandiko cha kusoma wati za jambo hilo. Ila nawaomba jambo moja wiki hii: kabla hamjamnyooshea kidole mwenye friji, simameni mbele ya mita dakika kumi, mhesabu kitaa chekundu.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.